Uso Chini ya Ukungu

Kwa miezi minne Fundi alikuwa akiutafuta ukungu. Si ule wa alfajiri unaowafanya madereva wawashe taa, bali ule wa kwenye picha: mwanga laini unaouzunguka uso wa mtu kana kwamba unamwona ndotoni. Aliuona mara ya kwanza kwenye picha ya mama yake mkubwa, iliyopigwa enzi za kamera za filamu. Mpigapicha wa siku zile alivuta soksi nyembamba ya kike mbele ya lenzi, na kila palipokuwa na mwanga pakatanda kama tone la maziwa ndani ya maji. Fundi akajiambia, kama soksi iliweza, kompyuta itashindwaje?

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa mtu wa kujaribu jambo moja, kuliandika, kisha kujaribu la pili. Daftari lake lilijaa maneno ambayo mtu mwingine angedhani ni ya mganga: "Ukungu kumi na tano, nguvu sitini: uso kama wa mgonjwa. Ukungu thelathini, nguvu arobaini: mzuri, ila meno yanang'aa mno." Njia yenyewe haikuwa ngumu. Unaichukua picha, unatengeneza nakala yake, unailaza nakala juu ya picha kama unavyolaza nailoni juu ya kitambaa cha meza. Ile ya juu unaivuruga mpaka pua na jicho visijuane. Halafu unaipunguza nguvu kidogo kidogo, ya chini ianze kuchungulia. Mwisho unafuta ukungu kwenye macho na midomo peke yake.

Hiyo ya macho na midomo ndiyo ilikuwa sheria yake.

"Mtu ni macho na mdomo," alikuwa akisema. "Kilichobaki ni ngozi."

Studio ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, na shemeji huyo ndiye aliyepiga picha. Yeye alikaa mbele na wateja, na taa, na kiti cha kuzunguka. Fundi alikaa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, na nyuso zao. Hivyo alizijua nyuso za watu wengi ambao hajapata hata kusalimiana nao.

"Fundi Ukungu," Shemeji alimwita siku moja, kwa jina alilombandika mwenyewe, "ukiendelea hivi utamtia ukungu hata mwizi, polisi wakija wamchumbie."

"Wewe piga picha. Nikikuachia uzihariri, hata bibi harusi atatoka na uso wa kitambulisho."

"Dada yangu alikuona wapi wewe?"

"Kwenye picha."

Ndivyo walivyoishi.

Miezi miwili kabla ya siku ninayoisimulia, Mwalimu alikuja studio na mama yake. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, amefundisha darasa la kwanza miaka mingi hata nusu ya mtaa inamwamkia. Mama yake, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa na miaka themanini na moja, na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Walitaka picha ya kutundika sebuleni. Fundi hakutoka kuwaona. Alisikia tu sauti kupitia pazia, Bibi akiuliza mara tatu kama hapo ni hospitali na Shemeji akimjibu mara tatu kwamba hapachomwi sindano. Walipomaliza, Mwalimu alifunua pazia akaingia peke yake.

"Fundi, mfanye awe laini," alisema chinichini. "Unanielewa?"

"Laini kiasi gani?"

"Laini."

Picha ilipofunguka, Fundi aliona uso uliobeba habari nyingi. Mikunjo ilikatana kwenye paji. Kope la kushoto lilikuwa limelegea. Na chini ya sikio lilianza kovu la moto, likashuka shavuni mpaka kidevuni, linameremeta kama plastiki iliyoyeyuka. Alikaa na uso huo siku tatu. Ukungu thelathini. Arobaini. Arobaini na tano. Kovu hakulifuta wala hakuliwekea kidole. Lilizama lenyewe, mikunjo na lile kope vikalifuata. Siku ya tatu alisogeza kiti nyuma, na vinyweleo vya mikono vikamsimama. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa ameketi mwanamke wa miaka kama sitini, ametulia, anatoa mwanga. Kwenye daftari Fundi aliandika neno moja tu: "Hapa."

Mwalimu alipoiona alitoa machozi. Kufumba na kufumbua ukoo mzima ulikuwa nayo kwenye simu.

Sasa tuje kwenye ile Alhamisi.

Saa mbili asubuhi Fundi alikuwa njiani kwenda kazini. Kwenye ngazi za duka la dawa, ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, alimkuta bibi kizee ameketi. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, wa pili mtupu na vumbi tele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii njia inafika shuleni?"

"Shule ipi?"

"Shule. Namfuata mtoto kabla jua halijawa kali."

Fundi alidhani anamfuata mjukuu. "Nyoosha na barabara hii. Ukifika kwenye duka la mbao, kata kulia, utaona ukuta wa buluu. Lakini bibi, ndala nyingine iko wapi?"

"Ilichoka njiani, nikaiacha ipumzike."

Fundi alicheka. Akamshika mkono akamwinua, akampangusa vumbi begani.

"Una adabu," bibi kizee akamwambia. "Mama yako hakupoteza muda wake."

Fundi akaenda zake, amefurahi kusifiwa. Hata hakugeuka nyuma.

Alipofika studio na kuketi, simu yake ilikuwa inatetema mfululizo. Kundi la mtaa, ambalo hakulifungua tangu jana asubuhi, lilikuwa limewaka. Alilifungua, na kitu cha kwanza alichokiona ni ule mwanga laini kwenye ukingo wa kitambaa cha kichwa. Akaitambua kazi yake kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. "Angalia ilivyotulia," alijisifu kimoyomoyo. Akaikuza kwa vidole viwili akague kama imeharibika kwa kutumwatumwa. Haikuwa imeharibika. Ndipo macho yakamshukia kwenye maandishi mekundu.

ANATAFUTWA. Ametoweka nyumbani tangu jana adhuhuri. Ana tatizo la kusahau. Ana shinikizo la damu, hajanywa dawa.

Tabasamu lilimfia mdomoni.

Kabla hajasema neno, mlango wa mbele ulifunguka kwa kishindo. Alikuwa Mwalimu. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimekaa upande, macho mekundu, na viatu viwili alivyovaa havikuwa pea moja.

"Naomba nakala hamsini," alimwambia Shemeji bila salamu. "Za jana nilizochapisha stendi zimekwisha. Tumebandika sokoni, stendi, kwenye nguzo zote."

"Pole sana, Mwalimu. Hakuna aliyepiga simu?"

"Hata mmoja. Watu wanatazama, wanasema, mama mzuri huyu, halafu wanapita. Amelala wapi, Mungu ndiye ajuaye. Daktari ameniambia akikaa siku mbili bila vidonge, lolote linaweza kumpata."

Shemeji aliwasha printa, na karatasi zikaanza kutoka moja moja. Nyuma ya pazia Fundi alilisikia lile neno, mama mzuri, na halikumkalia vizuri. Kwa nini, hakujua. Akaona afadhali afanye jambo la maana. Tangazo lilikuwa na picha ndogo. Angetengeneza kubwa zaidi. Akafungua jalada la picha, na kwa mazoea akabofya kile kijicho.

Kwenye programu aliyotumia, kila nakala iliyolazwa ina mchoro mdogo wa jicho pembeni. Ukiubofya, nakala hiyo inajificha, na iliyo chini yake inabaki wazi. Fundi alikibofya kijicho cha juu ili apime ukubwa wa picha ya asili.

Kwenye kioo alikuwa ameketi bibi wa kwenye ngazi za duka la dawa.

Fundi alibofya tena. Mama wa ndotoni. Akabofya. Bibi wa kwenye ngazi. Akabofya. Mama wa ndotoni. Akabofya. Kope lile lile lililolegea, lililomtazama chini ya saa moja iliyopita. Kovu lile lile. Masikio yakaziba. Alisikia printa kwa mbali, kama inachapa nyumba ya pili.

"Shemeji," aliita. Printa iliifunika sauti yake. Akakohoa. "Shemeji. Mwalimu. Njooni."

Walifunua pazia pamoja. Mwalimu alipouona uso wa mama yake ukiwa mtupu namna ile, alirudi hatua moja nyuma.

"Nimemwona," Fundi alisema.

"Umemwona nani?"

"Mama yako. Leo asubuhi. Nimesema naye."

"Yuko wapi?"

Fundi alikitazama kioo. "Nimemwelekeza njia."

Printa ilitema karatasi ya kumi na moja, ikatema ya kumi na mbili.

"Umemwelekeza," Mwalimu alirudia, taratibu, kama anayemsomea mtoto. "Umekaa na uso wa mama yangu siku tatu. Umekutana naye uso kwa uso. Ukamwelekeza njia."

"Sikumjua, Mwalimu. Wallahi sikumjua."

"Na kovu hukuliona?"

"Nililiona. Nililiona kama kovu la mtu yeyote."

"Jamani," Shemeji aliingilia, tayari ameshika ufunguo wa pikipiki, "kulaumiana kupo, hakuozi. Umemwelekeza wapi?"

"Shule ya ukuta wa buluu. Alisema anamfuata mtoto."

Shemeji alichomoa karatasi mbili kwenye printa, akatoka mbio, hata kofia ya pikipiki hakuvaa. Mwalimu alibaki amesimama, mkono mdomoni. Fundi alimsogezea kiti, naye hakukiona. Dakika zilipita, na kila moja ilikuwa na uzito wake. Hatimaye simu ya Fundi ikaita, naye akaifungua sauti ili wote wasikie.

"Shuleni hayupo," Shemeji alisema huku akihema. "Mlinzi anaapa hajaingia mtu. Nimerudi kwenye duka la mbao. Hawa mabwana nimewaonyesha karatasi, wanatikisa vichwa. Mmoja anasema kapita kibibi mwenye kovu hapa, mguu mmoja mtupu, lakini siye huyu wa kwenye karatasi. Namwambia ndiye! Anasema, kaka, mimi nina macho. Wananiona mwehu!"

"Alielekea wapi?"

"Hawakumfuatilia. Nani angemfuatilia? Si tunamtafuta mwingine!"

Fundi alikata simu. Tangu jana, mji mzima ulikuwa ukimtafuta mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo. Amemtengeneza yeye, kwenye kiti hiki.

"Nitume hii," alisema, akionyesha kioo. "Ya chini. Kama ilivyo."

"Hapana."

Fundi aligeuka. Hakuamini masikio yake. "Mwalimu?"

"Usimtoe mama hivyo mbele za watu. Tafuta ya katikati. Punguza kidogo tu, si unaweza kupunguza?"

"Ninaweza kupunguza. Hawatamjua."

"Fundi, nakuomba."

"Mwalimu, mimi mwenyewe nilimshika mkono nisimjue. Atamjuaje mpita njia?"

Mwalimu aliketi sasa, kwa ghafla, kama aliyekatwa kamba. Alizungumza akiwa ameinamisha kichwa.

"Lile kovu ni mimi. Nilikuwa na miaka minne. Nilining'inia kwenye ukingo wa meza, sufuria ya maji ya moto ikaja. Yeye akaingia katikati. Tangu hapo sijawahi kuutazama upande ule wa uso wake kwa utulivu. Hata kula, ninakaa kulia kwake. Ulipotuletea ile picha nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza niliweza kumtazama mama yangu." Akakinyoosha kitambaa chake cha kichwa. "Tulipokuwa tunatafuta picha ya tangazo, haikunijia hata kidogo kwamba si yeye. Mimi, mtoto wake. Nimebandika karatasi mia kwa mikono hii."

Fundi alikuwa amezoea kudhani wateja humwomba urembo. Mtu aliyeomba apewe namna ya kumtazama mama yake alikuwa hajapata kumwona, au labda aliwahi kuwaona wengi asijue.

"Tuma," Mwalimu alisema, bado ameinama. "Tuma kabla sijakuzuia tena."

Fundi alituma. Chini ya picha aliandika: "Huyu ndiye. Ile ya mwanzo ilihaririwa, msiifuate. Ana kovu shavu la kushoto. Ana ndala mguu mmoja. Ameonekana saa mbili leo karibu na duka la dawa." Aliituma kwenye kundi la mtaa, kundi la wapigapicha, kundi la wazazi wa watoto anaosoma nao mwanawe. Kisha akaiweka simu mezani, uso juu, wakaitazama wote wawili.

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla hata hajaketi vizuri. "Huyu?! Huyu jana jioni alikaa kibarazani kwangu, nikampa maji!" Wa pili: "Huyu alituuliza njia ya shule stendi, tukadhani ni ombaomba." Wa tatu: "Mungu wangu, huyu nilikaa naye benchi moja." Jumbe ziliendelea kuingia, moja juu ya nyingine, na kila moja ilimpiga Mwalimu kama kofi. Watu saba walikuwa wamemwona. Watatu kati yao walikuwa wamesimama karibu na tangazo.

Halafu simu ikaita. Namba ngeni.

"Mimi mlinzi wa ghala la maji, barabara ya kushoto ukitoka kwenye duka la mbao," sauti ya mwanamume ilisema, nzito na yenye haya. "Huyu mama wa kwenye picha mliyotuma sasa hivi ninaye. Amekaa kwenye benchi langu la getini tangu saa tatu kasoro."

Mwalimu alishusha pumzi iliyokaribia kuwa kilio. "Ni mzima?"

"Mzima. Nimempa maji na kivuli. Anasema anamsubiri mtoto atoke darasani. Namwambia mama, hapa shule iliondoka zamani, hapa ni matenki, anasema atasubiri tu."

"Pale ndipo nilipoanza darasa la kwanza," Mwalimu alimwambia Fundi kwa mnong'ono.

"Ila nisameheni," mlinzi aliendelea. "Karatasi yenu niliibandika mimi mwenyewe jana, hapa getini. Mama huyu amekaa chini yake. Kichwa chake kinaigusa. Nimekuwa nikimtazama yeye na karatasi, karatasi na yeye, saa nzima."

Fundi akampigia Shemeji atangulie.

Yeye na Mwalimu walikodi gari lililokuwa likipita. Walipofika kwenye geti la chuma, walimkuta Bibi kama mlinzi alivyosema: ameketi wima, mikono mapajani, mguu mtupu umewekwa juu ya ule wenye ndala. Juu ya kitambaa chake cha kichwa ilitokeza karatasi yenye mama wa ndotoni, akitabasamu katika mwanga wake. Shemeji alikuwa ameshafika, pikipiki imeegeshwa kando, naye alikuwa ametazama pembeni akijifanya anakagua tairi. Fundi alimjua vya kutosha kujua kwamba tairi halikuwa na shida.

Mwalimu alipiga magoti kwenye vumbi, upande wa kushoto wa mama yake. Akamtazama. Akaweka kiganja juu ya lile kovu, akakiacha hapo.

"Mama."

Bibi alimchunguza, kisha uso wote ukafunguka, na mikunjo yote ikashiriki. "Umetoka mapema leo," alisema. "Mwalimu wenu anaumwa?"

"Anaumwa kidogo, mama. Atapona."

Fundi alisimama hatua chache nyuma, hajui aweke wapi mikono. Alitaka kuomba msamaha, lakini kumwomba nani kwanza? Macho yake yakarudi kwenye karatasi. Hakuweza kuivumilia. Alisogea kimyakimya, akaingiza ukucha chini ya kona ya juu, akaanza kuibandua.

"We mwanangu!" Bibi alimkemea. "Unafanya nini?"

Mkono wa Fundi uliganda pale pale.

"Usibandue hiyo. Huyo mama amepotea. Nimemtazama tangu asubuhi, mama wa watu, mzuri, sijui watoto wake wako wapi. Ukiibandua watampataje?"

Mlinzi alitazama chini. Shemeji aliacha kukagua tairi. Fundi, kona ya karatasi ingali kati ya vidole vyake, alimgeukia Mwalimu amsaidie. Mwalimu alikuwa amevua kiatu chake kimoja, anamvisha mama yake kwenye ule mguu mtupu. Akamtazama Fundi, macho yamemjaa maji, akatikisa kichwa: iache.

Fundi aliirudisha kona mahali pake, akaikandamiza kwa kidole gumba. Ilijikunja. Akaikandamiza tena, gundi ilikuwa imeshakauka. Mlinzi akaingia kibandani mwake bila kuambiwa, akatoka na utepe wa gundi, akaukata kwa meno.

"Na kona ya chini," Bibi alisema, akisimamia kazi. "Upepo wa huku si mchezo."

Fundi alichutama, akabandika na ya chini.